Kapu la Steinvör

Watu wa bonde letu hawana tabia ya kusifu. Ukisikia mtu anasifiwa hapa, ujue kuna anayemhitaji. Herdís wa shamba la Hvammur alisifiwa tangu mwaka wa kwanza alipoingia katika nyumba ile akiwa mjane, na sifa hizo zilimfunga kuliko kamba.

Alikuwa msokotaji. Huku kwetu kila mwanamke anasokota na kila mwanamume anachana sufu, maana baridi ikishafunga njia hakuna kazi nyingine ya kushika. Lakini uzi wa Herdís ulikuwa na jina lake. Alichukua sufu kama ilivyonyofolewa mgongoni mwa kondoo, ingali inanata mafuta na inanuka zizi, akaiosha kwa maji ya moto na mkojo uliotunzwa, akaisuuza kijitoni, akaianika majanini. Kisha alikaa na kuitenga kwa vidole: nywele ndefu ngumu zinazokinga mvua upande huu, manyoya mororo ya chini upande ule. Kutoka katika yale manyoya mororo alivuta uzi mwembamba, sawasawa mwanzo mpaka mwisho, na shali zilizofumwa kwa uzi huo zilimfanya Steinvör, mama mwenye nyumba, aangaliwe kanisani kuliko mhubiri. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ndivyo wasemavyo. Herdís alisifiwa na hakutia hata tone. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Kwa sheria ya nchi wakati ule, mtu asiye na ardhi hakuruhusiwa kuishi bila bwana. Ulikuwa mtumishi wa shamba fulani mwaka mzima, na kuhama ni majira ya kuchipua tu, theluji ikishaondoka njiani. Na ili ijulikane mapema nani anahama na nani anabaki, bonde letu lilikuwa na desturi ya kapu. Siku ya Mishumaa, sikukuu ya kanisa katikati ya baridi, mama mwenye nyumba hupita kitanda kwa kitanda katika chumba cha juu, ambamo wote hulala na kufanya kazi, na kapu la sufu laini. Mwanamke akichukua fungu na kulitia kwenye gurudumu lake, amekubali mwaka mwingine. Akiacha mikono mapajani, anahama. Na mtumishi asiyetakiwa, kapu humpita bila kusimama. Hakuna neno linalosemwa siku hiyo, na hakuna wa kubisha baadaye.

Mwaka wa kwanza tu, Herdís aliacha mikono mapajani. Alikuwa na sababu. Mumewe alipozama baharini, binti yao mdogo Oddny alichukuliwa na parokia kama watoto wote wa maskini, akapelekwa kulelewa shamba la mbali, ng'ambo ya nyika ya mawe. Herdís alitaka kutafuta kazi karibu na huko. Steinvör akasimama mbele yake na kapu, akatabasamu, na kwa mara moja akavunja desturi ya kunyamaza.

"Nasikia wanaomlea Oddny wamemchoka," akasema. "Brandur anafikiria kumpeleka kaskazini kabisa. Mimi ndiye ninayemwambia asubiri."

Brandur alikuwa mume wa Steinvör na msimamizi wa maskini wa parokia. Mtoto wa maskini alilala pale Brandur aliposema alale. Herdís alinyoosha mkono akachukua fungu. Mwaka uliofuata akachukua tena, na mwingine tena, na Steinvör hakuhitaji kusema kitu. Ilitosha kusimama kidogo.

Hata hivyo Steinvör hakuwa mtu mbaya, na ninasema hivyo bila kupenda. Alipika vizuri, hakupunja mtu siagi kwenye samaki wake mkavu, na aliendelea kumtunza Arndís, msokotaji wa nyumba kabla ya Herdís, hata alipopofuka. Arndís alikaa kitanda cha mwisho karibu na ngazi akichambua sufu kwa vidole vilivyopinda. Hakuna aliyekumbuka kwamba alikuja pale akiwa msichana, akisema ni kwa mwaka mmoja.

Oddny alipokuwa mkubwa wa kupewa kipaimara, Steinvör alimleta Hvammur.

"Nimekuletea zawadi," akamwambia Herdís, na msichana akapanda ngazi ya chumba cha juu akiwa na theluji mabegani. Mrefu, mcheshi, mdomo haufungi. Herdís alimkumbatia akalia mbele ya watu wote bila aibu. Hakuwa amelala kitanda kimoja na mwanawe tangu mtoto huyo akinyonya kidole. Siku ile alimpenda Steinvör. Angembusu mikono.

Furaha hiyo ilidumu mpaka jioni. Watu walikuwa wamekaa vitandani, taa ya mafuta ya papa inafuka, Ketill mfanyakazi wa kiume anachana sufu huku akighani mashairi ya zamani, na wengine wanasokota. Steinvör akamwita Oddny. Akashika mkono wa msichana, akaugeuza chini ya taa, akavinyoosha vidole kimoja kimoja kama mtu anayetazama meno ya kondoo sokoni.

"Vidole vya mama yake," akasema. "Mtoto wa mhunzi asipofua huvukuta. Herdís, utamfundisha. Sina haraka."

Herdís akainua macho. Mbele yake, kitanda cha mwisho, Arndís alikuwa akichambua sufu bila kuona. Ndipo alipoelewa zawadi aliyopewa. Hakuletewa mtoto. Gurudumu ndilo lililoletewa mtoto.

Kulikuwa na mahali pengine. Ljótunn, mdogo wake Herdís, aliishi pwani na mume mwenye mashua yake mwenyewe, wasiobahatika kuzaa. Mara nyingi alikuwa ametuma watu: mwacheni Oddny aje akae kwetu, atakuwa mwenetu, na nyumba itakuwa yake siku moja. Lakini Brandur hangemwachia hata paka wa Hvammur kama Steinvör anamtaka. Mtu pekee ambaye Steinvör angemwacha aende ni yule asiyefaa kitu.

Usiku huo Herdís hakuamua chochote. Aliamua asubuhi, akiwa ameketi nyuma ya binti yake, mikono yake juu ya mikono ya mtoto. Gurudumu lilianza kuzunguka.

"Vuta," akasema. "Kwa nguvu. Uzi ni kama farasi mkaidi, usipomvuta haji."

"Hivi?"

"Zaidi. Na mguu uharakishe. Vizuri."

Haikuwa vizuri hata kidogo. Sufu haivutwi. Anayevuta anapata kipande chembamba kinachokatika, kisha bonge nene, kisha chembamba tena, na mguu ukiharakishwa uzi unajisokota mpaka unajikunja kama mkia wa nguruwe. Msokotaji mjinga hujifunza hayo peke yake na kuyaacha. Herdís aliyafundisha kwa uangalifu, siku baada ya siku, kama mtu anayefundisha sala. Alimfundisha kushika sufu karibu mno. Alimfundisha kutochambua hadi mwisho, ili nywele ngumu zibaki na kuchoma. Na moyo ulimuuma, kwa sababu mtoto alikuwa na bidii.

"Mama, wako unatoka mwembamba," Oddny alisema. "Wangu mbona una vifundo?"

"Wangu una miaka. Endelea."

Ketill ndiye aliyempa jina. Aliokota donge la uzi wa Oddny, akalipima mkononi, akalitazama kwa huzuni ya kuigiza.

"Huu uzi una mimba," akasema. "Tena pacha. Una magoti kama ya farasi mzee wa kasisi. Tumwite nani huyu? Oddny Mafundo."

Chumba kizima kikacheka. Oddny naye akacheka kwanza, maana alikuwa wa kucheka, kisha akaona mama yake hacheki wala hamtetei, na kicheko kikamkauka. Tangu siku hiyo alikuwa Mafundo. Alijitahidi zaidi, na kila alipojitahidi alivuta zaidi, na kila alipovuta mafundo yaliongezeka. Usiku kitandani aligeukia ukutani. Herdís alitaka kumwambia. Lakini kitanda cha jirani kilikuwa mkono mmoja tu kutoka pale, na zaidi ya hayo alimjua mwanawe: siri ikiingia kinywani mwa Oddny hata ng'ombe zizini huijua kabla ya kukamuliwa.

"Unanificha," Oddny alimnong'oneza siku moja, uso ukutani. "Hutaki mtu mwingine awe na mkono kama wako."

Herdís akamfunika blanketi begani. Neno hilo lilikuwa kweli, ila si kwa namna ile.

Kabla ya Krismasi ikatokea hatari. Ilikuwa jioni, Ketill anaghani shairi refu la vita, na Oddny alikuwa amechoka. Uchovu ulimlegeza. Akasahau kuvuta. Mkono wake wa nyuma ukarudi polepole wenyewe, vidole vikafunguka kidogo, mguu ukafuata mwendo wa shairi, na uzi ukaanza kutoka mwembamba, laini, bila doa. Oddny mwenyewe hakuona. Alikuwa anasikiliza vita. Herdís aliona. Alitazama uzi ule ukienda, na kwa kitambo akasahau kila kitu akaufurahia tu, kwa sababu ulikuwa mzuri. Ulikuwa uzi wake, ukitoka mkononi mwa mtoto wake.

Kisha Steinvör akainuka kwenye kiti chake upande wa pili, ili aongeze mafuta ya taa.

Herdís akanyoosha mguu akaupiga mguu wa gurudumu. Uzi ukakatika, sufu ikaanguka sakafuni.

"Unasinzia!" akafoka, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Unataka kunitia aibu? Sufu njema ya watu unaitupa chini kama mavi ya kondoo? Anza upya, na vuta kama nilivyokuonyesha!"

Oddny akainama kuokota sufu, machozi yakimdondoka juu ya vidole. Steinvör akatikisa kichwa kwa kumhurumia Herdís, mama mwenye mkosi wa mtoto butu, akarudi kukaa.

Baadaye, watu walipokuwa wanakula maziwa mgando kwenye mabakuli yao ya mti, Herdís alimpelekea Arndís lake, kama kila siku. Kipofu akamshika kifundo cha mkono.

"Gurudumu la mtoto lilikuwa linaimba," akasema kwa sauti ya chini. "Likanyamazishwa."

Herdís akatupa jicho upande wa Steinvör. Arndís alikuwa ameishi kwa Steinvör miaka mingi kuliko mtu yeyote, na Steinvör ndiye aliyemlisha.

"Masikio yangu yamezeeka, usinijali," Arndís akasema, akaachia mkono, akafunua bakuli lake. "Laiti na mimi ningekuwa na mama mkali hivyo."

Siku ya Mishumaa ikafika na upepo wa kaskazini uliofukia dirisha kwa theluji. Steinvör alivaa shali yake bora, akabeba kapu, akaanza upande wa wanaume kwa salamu, kama ilivyo desturi, ndipo akaja upande wa wanawake. Alipofika kwa Oddny akasimama.

Herdís hakuwa ametegemea asimame. Alidhani mafundo ya majira yote ya baridi yangetosha. Lakini Steinvör alikuwa ameshika vidole vile chini ya taa, na hakupenda kukubali kwamba macho yake yalikosea.

"Sokota nione," akasema. "Hapa, mbele yangu. Chukua sufu hii, nzuri kabisa."

Kama msichana angelegea kama usiku ule, kila kitu kingekuwa kimekwisha. Herdís alijua, na aliketi na mikono yake mapajani ikiwa imeshikana. Lakini Oddny hakulegea. Alikuwa na hasira na watu wote wa chumba kile, na zaidi na mama yake, na alitaka siku hiyo kuwaonyesha. Akauma midomo. Akakumbuka kila kitu alichofundishwa. Akavuta kwa nguvu zake zote.

Ukatoka uzi wa ajabu. Bonge, kamba, kisha kitu chembamba kama utando, kisha bonge tena. Ukajikunja, ukakatika. Akaunganisha, ukakatika. Ketill akajaribu kujizuia asicheke, akashindwa, na wengine wakamfuata. Oddny alisokota mpaka Steinvör akamwekea mkono begani.

"Basi, mwanangu," akasema. Hakuwa na ubaya. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini wewe mama yako amejaribu, sote tumemwona. Kwa wengine Mungu hakuweka kitu vidoleni."

Akainua kapu, akampita.

Oddny alibaki na mikono mapajani, uso unawaka. Katika nchi yetu hakuna aibu inayozidi hiyo kwa msichana. Na mama yake, kitanda kile kile, alishusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu mwanzo wa baridi.

Steinvör akasimama mbele ya Herdís. Sasa, utasema, mama huyu naye si angeacha mikono mapajani? Mtoto amepitwa, yuko huru, mama aende naye pwani. Herdís aliliwaza hilo. Mikono yake ilikaa pale kitambo kirefu kuliko mwaka wowote.

Steinvör akainama kama anayeweka sawa shali yake.

"Brandur atakuwa radhi binti aende kwa mama yake mdogo," akasema taratibu. "Nadhani. Watu wawili kuniacha mwaka mmoja, hapo sijui atasemaje."

Herdís akachukua fungu. Akalitia kwenye gurudumu, na uzi ukatoka mwembamba, sawasawa, mzuri kama kawaida. Hakujua kusokota vingine. Mkono wa uongo aliweza kumpa mtoto, yeye mwenyewe hakuuweza.

Siku za kuhama zilipofika, mto ulikuwa umejaa maji ya theluji na kondoo walikuwa wameanza kupukutika sufu vichakani. Ketill ndiye aliyepewa kazi ya kumvusha Oddny na kumfikisha pwani. Herdís aliomba ruhusa ya kuwasindikiza mpaka kivukoni, akapewa. Njia nzima Oddny alitembea mbele bila kugeuka. Ketill akatangulia majini na farasi wa mizigo kupima kina, na ndipo, kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi, mama na binti wakawa peke yao.

"Oddny, simama. Mkono wako haujawahi kuwa mbaya," Herdís akasema. Hakujua njia nyingine ya kulianza. "Mimi ndiye niliyeuharibu. Nilikufundisha vibaya makusudi."

Oddny akamgeukia polepole.

"Nini?"

"Usingepitwa ungekaa. Ungekaa mpaka ukae kitanda cha Arndís."

Msichana alimtazama, na usoni mwake mambo yalikuwa yanapangika moja baada ya jingine: kufokewa, kicheko, kapu.

"Walinicheka," akasema. "Wote. Na wewe ulikuwa umekaa hapo hapo."

"Nilikuwa nimekaa."

"Kasisi mwenyewe ameniita Mafundo. Kanisani, mama."

"Najua."

"Ungeniambia tu! Ningesokota vibaya mwenyewe!"

"Wewe? Wewe ungeniahidi kunyamaza, kisha ungecheka."

Mdomo wa Oddny ulitikisika kidogo, lakini hakucheka. Akapangusa pua kwa kiganja.

"Basi nionyeshe," akasema. "Kama ni kweli, nionyeshe sasa."

Herdís alikuwa na kijiti cha kusokotea ndani ya aproni, kile kidogo cha zamani kinachoning'inizwa, maana mwanamke wa kwetu hatembei mikono mitupu. Akachuma sufu kichakani, kondoo walipojisugua, ingali na mafuta yake. Akamwekea mwanawe mkononi.

"Usivute," akasema. "Nimekudanganya. Sufu haivutwi. Legeza vidole. Mkono huu wa nyuma uurudishe, pole pole, uzi wenyewe utachukua unachotaka. Usiutazame. Tazama mto."

Oddny akatazama mto. Kijiti kikazunguka kikishuka kuelekea mawe, na nyuma yake ukashuka uzi mwembamba wa kijivu, usio na fundo. Ilikuwa mara moja tu, bila kujaribiwa. Kijiti kikagusa chini. Oddny akashusha macho akauona, akaugusa kwa ncha ya kidole kama mtu anayegusa kitu kilichokuwa cha marehemu.

"Huko pwani usokote hivi mlango ukiwa umefungwa," Herdís akasema. "Mbele ya watu, sokota mafundo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mlango uwe wako."

Ketill alikuwa anaita kutoka ng'ambo kwamba maji yanapanda na yeye si samaki. Herdís akampandisha mwanawe juu ya farasi wa pili, aliyebaki ukingoni. Oddny akaweka kijiti kifuani, ndani ya nguo. Hakusema asante na hakusema kwaheri. Lakini farasi alipoingia maji mpaka magotini, alimsimamisha akageuka.

"Mama, panda. Huyu anabeba wawili."

Herdís alisimama kwenye mawe na maji yakamlowesha viatu. Farasi yule kweli angebeba wawili. Angefika pwani jioni, angelala kwa mdogo wake, na siku chache baadaye watu wa Brandur wangekuja kuwarudisha wote wawili, na Steinvör angemkalisha Oddny mbele ya gurudumu na kumtazama vizuri zaidi.

"Nina uzi kwenye gurudumu," akasema. "Nenda."

Aliwaangalia mpaka walipopotea nyuma ya kilima cha mawe meusi. Kisha akarudi, akichuma sufu vichakani njia nzima kwa mazoea, mpaka aproni ikajaa. Steinvör alikuwa mlangoni, shali begani, anaota jua.

"Umelia?"

"Upepo."

"Usijisumbue, Herdís. Afadhali ameenda. Ulifanya uliloweza, lakini mtoto hakuwa na mkono."

"Hakuwa nao," Herdís akasema, akapanda ngazi, akakaa mahali pake, akaweka mguu kwenye gurudumu.